Punda Milia Wabebao Habari: Mtandao wa Vihisi Pasiwaya na Lugha ya Kuuelezea

1.0 Utangulizi

Mnamo mwezi Januari mwaka 2004, katika nyanda za Laikipia zilizoko kaskazini-magharibi ya Mlima Kenya, punda milia wachache walivishwa mikanda ya shingoni kisha wakaachiwa warudi malishoni. Kumfunga mnyama pori ukanda wenye redio hakukuwa jambo geni. Wanabiolojia walikuwa wakifanya hivyo tangu miaka ya 1960. Jambo geni lilikuwa kwamba mikanda hiyo iliweza kuwasiliana yenyewe kwa yenyewe. Punda mmoja alipomkaribia mwenziwe, ukanda wake uliupa ukanda wa pili nakala ya habari uliokuwa umezikusanya, na huo wa pili ukazibeba hadi ulipokutana na wa tatu, au na mtafiti apitaye kwa gari. Mradi huo uliitwa ZebraNet. Uliongozwa na Margaret Martonosi, profesa wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Princeton nchini Marekani, akishirikiana na mwanaekolojia Daniel Rubenstein wa chuo hicho hicho, wahandisi wenzao na wanafunzi wao.

ZebraNet ni kielelezo cha mambo mawili ambayo sayansi ya kompyuta imeyashughulikia sana tangu mwishoni mwa karne ya ishirini. La kwanza ni mfumo uliopachikwa, yaani kompyuta iliyotiwa ndani ya kitu kingine ikakifanyia kazi moja maalumu. La pili ni mtandao wa vihisi pasiwaya, yaani kundi la kompyuta ndogo za namna hiyo zinazopima mambo ya mazingira na kupashana habari kwa redio. Makala haya yanaeleza namna mambo hayo yanavyofanya kazi. Aidha, kwa kuwa mhadhara huu umo katika taaluma za Kiswahili, yanaangalia pia maneno ambayo Kiswahili kinayatumia, au kingeweza kuyatumia, katika kuyaeleza.

Suala la maneno si pambo. Utafiti huu ulifanyika katika nchi ambayo Kiswahili ni lugha ya taifa, juu ya mnyama mwenye jina la Kiswahili, na katika eneo ambamo wafugaji, madereva na askari wa wanyamapori wenye lugha za kwanza tofauti huelewana kwa Kiswahili. Hata hivyo maandiko yaliyoutangaza ulimwenguni ni ya Kiingereza. Mfugaji akitaka kujua ukanda ule unaandika nini, unampelekea nani, na kama unamhusu yeye au mifugo yake, atajibiwa kwa lugha gani? Mara nyingi hujibiwa kwamba ni "mambo ya kitaalamu", na mazungumzo huishia hapo.

2.0 Kompyuta isiyoonekana

Watu wengi wanaposikia neno kompyuta, au tarakilishi kwa wale wanaolipendelea, hufikiria kioo na kicharazio. Dhana ya mfumo uliopachikwa huanzia mahali pengine. Katika nyumba nyingi nchini Tanzania ipo mita ya umeme ya LUKU, jina lililotokana na maneno Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Mwenye nyumba hununua umeme, hupewa tarakimu 20, huzibonyeza, na mita huzikagua. Zikiwa sahihi huongeza uniti. Zikiwa si sahihi huzikataa. Ndani ya kijisanduku hicho imo kompyuta kamili, yenye kichakataji, kumbukumbu na programu. Haiwezi kuandika barua wala kuonyesha picha, na hakuna anayeitaka ifanye hivyo. Imepachikwa ndani ya mita, na kazi yake ni mita. Hali kadhalika mashine ya kufulia na breki za gari la kisasa.

Mfumo wa namna hii unapopewa uwezo wa kupima, kwa mfano joto, unyevu, mwanga au mahali ulipo, na unapopewa redio ya kuwaeleza wenziwe ulichokipima, unakuwa sehemu ya mtandao wa vihisi. Wazo hilo lilipata nguvu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwishoni mwa miaka ya 1990, pale Kristofer Pister na wenzake walipobuni mradi walioupa jina lenye maana ya "vumbi lenye akili". Walitaka kuunda kompyuta ndogo kama punje, zimwagwe mahali kama vumbi na zipime kila kitu. Punje hizo hazikufikia udogo uliotarajiwa upesi, lakini David Culler na wanafunzi wake chuoni hapo waliunda vifaa vilivyokaribia ukubwa wa kiberiti na mfumo endeshi wa kuviendesha, uitwao TinyOS. Kimojawapo cha vifaa hivyo, Mica2, kiliendeshwa na betri mbili za kawaida kama zile za redio ndogo, kikiwa na kilobaiti 128 za kuhifadhi programu na kilobaiti 4 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Makala haya yenyewe, licha ya ufupi wake, yasingeenea katika kumbukumbu hiyo.

Kwa vifaa vya jamii hiyo, katika kiangazi cha mwaka 2002 watafiti wa Berkeley na wa maabara ya kampuni ya Intel waliweka vituo 32 katika kisiwa cha Great Duck kwenye pwani ya jimbo la Maine. Walitaka kujua hali ya hewa ndani ya mashimo wanamotagia ndege fulani wa baharini. Ndege hao hawapendi kusumbuliwa. Mtu akitia mkono shimoni mara kwa mara, huweza kukiacha kiota. Kifaa kikitangulizwa shimoni kabla ya msimu wa kutaga, hakuna mkono unaohitajika tena. Kwa hiyo faida ya kwanza ya mtandao wa vihisi ni kumwondoa mchunguzi mahali pa uchunguzi, ili kinachochunguzwa kiendelee na maisha yake.

Kisiwani vituo vilikaa palepale vilipowekwa, na habari zilijulikana zielekee wapi: kwenye kituo kikuu, na kutoka hapo hadi kwenye setilaiti. Laikipia haikuwa hivyo. Vihisi vyenyewe vilikuwa na miguu minne, na mtafiti aliyepaswa kupokea habari naye alikuwa akizunguka. Hapakuwa na minara ya simu ya kutegemea katika mbuga ile, wala kituo cha kudumu. Ugumu huo ndio ulioufanya mradi wa ZebraNet uwavutie wanasayansi wa kompyuta kuliko miradi mingi ya wakati wake.

3.0 Sensa, kitambuzi au kihisi?

Kabla ya kuendelea na habari za mbugani inafaa kulitazama neno lenyewe. Njia rahisi ya kupata istilahi ni kulichukua neno la kigeni na kulivika matamshi ya Kiswahili. Kwa njia hiyo kimepata kompyuta, programu na intaneti. Kifaa cha kupima kingeitwa sensa. Lakini kiti hicho kina mwenyewe: sensa kwa Waswahili ni kuhesabu watu, kama ile sensa ya watu na makazi iliyofanyika Tanzania mwaka 2022. Mgongano huu si wa kinadharia tu. Mwezi Januari mwaka 2016, kaskazini na katikati ya Kenya, kulifanyika hesabu ya punda milia wa Grevy kwa njia ya picha. Wananchi na wataalamu waliwapiga picha, na kompyuta ikawabainisha kwa milia yao, kwani kila punda ana milia yake kama mtu alivyo na alama zake za vidole. Rubenstein aliyetajwa juu alikuwa miongoni mwa wanasayansi wa kazi hiyo. Anayesema "sensa ya punda milia" anaizungumzia kazi ile ya mwaka 2016, na hasikiki kuwa anazungumzia kifaa cha shingoni.

Neno kitambuzi nalo limependekezwa na baadhi ya watu. Kasoro yake ni kwamba kutambua ni kujua kuwa kitu fulani ndicho. Kifaa kinachopima joto hakitambui lolote. Hupokea badiliko la umeme na kulipa namba. Anayetambua ni yule aisomaye namba hiyo na kusema kwamba shimo limepoa, ndege ameondoka. Kumpa mpimaji cheo cha mtambuzi ni kukificha kitendo cha kibinadamu ndani ya mashine, jambo ambalo katika siku hizi za majigambo ya kompyuta lina hatari zake.

Lipo neno kihisi, ambalo limekwisha kuingia katika matumizi na ambalo makala haya yanalitumia. Mwanasarufi mkali angelikosoa. Majina ya vifaa katika Kiswahili yanayotokana na vitenzi huishia kwa irabu -o, kama kipimo, kifuniko na kichujio, ilhali majina ya watendaji ndiyo yaishiayo kwa -i. Kwa kanuni hiyo umbo stahiki ni kihisio. Lakini -hisi ni kitenzi chenye asili ya Kiarabu, nacho tangu awali kinaishia kwa -i, kwa hiyo sikio la msemaji halioni kasoro, na lugha huenda linakokwenda sikio. Vilevile upo msemi wa milango mitano ya hisi. Mtu akiambiwa kwamba kihisi ni mlango wa hisi aliopewa mtambo, ameelewa.

Wahifadhi wa wanyamapori nchini Tanzania hawakungoja mjadala huu. Mikanda ya shingoni wanayowafunga tembo huiita visukuma mawimbi. Istilahi hiyo imeundwa kwa njia ileile iliyozaa kipimajoto, yaani kiambishi ki-, kitenzi na yambwa yake, na ubora wake ni kwamba mtu asiyepata kukiona kifaa anaweza kukisia kazi yake. Kwa ukanda wa ZebraNet, hata hivyo, jina hilo lingesema nusu tu ya habari, kwa sababu ukanda ule ulisukuma mawimbi na pia uliyapokea, na kati ya kusukuma na kupokea ulikuwa na uamuzi wa kufanya.

Kuhusu neno pasiwaya, yafaa kukumbuka kwamba Kiswahili kiliwahi kuwa na msemo simu ya upepo. Msemo huo uliitaja njia ambayo habari hupita, ilhali istilahi ya sasa inataja kitu ambacho hakipo. Waya ukishasahauliwa na kizazi kijacho, neno pasiwaya litahitaji maelezo, na upepo utakuwa bado unavuma.

4.0 Njaa ya nishati

Martonosi hakufika kwa punda milia kwa njia ya elimu ya wanyama. Kazi yake ya awali ilihusu vichakataji na umeme vinaoula. Mwaka 2000, yeye pamoja na David Brooks na Vivek Tiwari walitangaza Wattch, programu ya kukadiria matumizi ya umeme ya kichakataji kabla hakijaundwa. Mbugani alilikuta swali lilelile katika sura kali zaidi. Kompyuta ya mezani ikila umeme mwingi, mwenye nayo hulipa bili. Ukanda wa punda ukila umeme mwingi, hufa, na punda akaendelea kula majani akiwa amebeba uzito usio na faida kwa yeyote.

Ukanda wa mwaka 2004 ulikuwa na kichakataji kidogo cha biti 16, kumbukumbu ya kudumu ya megabiti 4, redio ya masafa ya megaherzi 900, kipokezi cha GPS cha kutambua mahali kwa msaada wa setilaiti, betri ya kuchajika na paneli ndogo za kunasa nguvu ya jua. Kila kimojawapo kina njaa yake. Kichakataji kidogo hula kidogo mno. GPS hula sana, kwa sababu lazima isikilize setilaiti kadhaa zilizo mbali na kufanya hesabu ndefu. Redio nayo hula sana, tena si inaposema tu. Hata inapokaa kimya ikisikiliza, inakula. Jambo hili huwashangaza wengi, kwani binadamu hachoki kwa kukaa kimya. Redio iliyo wazi ni kama taa iliyowashwa chumbani ikimngoja mgeni ambaye huenda asije.

Dawa yake ni usingizi. Vifaa hivi hulala sehemu kubwa ya maisha yao, huamka kwa saa iliyopangwa, hupima, huandika, kisha hulala tena. Mpango wa awali uliochapishwa mwaka 2002 ulikusudia kuandika mahali alipo punda kila baada ya dakika 3. Ukanda uliotengenezwa ulifanya hivyo kila baada ya dakika 8. Tofauti hiyo ya dakika 5 ina historia nzima ya mvutano ndani yake. Mwanabiolojia anataka kujua punda alikuwa wapi kila wakati, hasa usiku, ambapo macho ya mtafiti hayaoni. Mhandisi anajua kwamba kila kipimo ni tone la betri. Hata redio mbili za kuamka lazima zipatane saa, kwani moja ikiamka saa sita kamili na nyingine saa sita na dakika tano, zitakuwa kama watu wawili waliopishana kisimani. Saa ya setilaiti ilisaidia hapa: kila ukanda uliopokea GPS ulipata pia wakati sahihi.

Kumbukumbu nayo ina kikomo. Megabiti 4 ni sawa na baiti 524,288. Ichukuliwe, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba kila taarifa ya mahali inachukua baiti 32. Ukanda utaweza kuhifadhi taarifa 16,384. Kwa kipimo kimoja kila dakika 8, yaani 180 kwa siku, nafasi itatosha kwa siku 91. Hiyo si haba. Lakini ukanda ukibeba pia habari za wenzake, mambo hubadilika: ukibeba za punda kumi, siku 91 zinakuwa 9.

5.0 Barua mkononi mwa msafiri

Hapo ndipo ulipo moyo wa utafiti. Kwa nini ukanda ubebe habari za mwenzake? Kwa sababu redio haifiki mbali, na mtafiti hawezi kumtafuta kila punda katika eneo la mamia ya kilomita za mraba. Ikiwa habari zinasafiri kutoka punda hadi punda, mtafiti akiwapata wachache amewapata wengi.

Utaratibu huu hauhitaji kuelezwa kwa mifano ya kigeni. Kabla ya simu za mkononi kuenea, mtu wa kijijini aliyetaka kumfikishia ndugu yake habari mjini alimpa barua dereva wa basi, au mfanyabiashara aendaye mnadani, au mwanafunzi arudiye shule. Hakuwa na uhakika kwamba huyo mmoja atamwona ndugu yake. Alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuandika nakala nyingi na kumpa kila msafiri anayepita. Ya pili ni kuchagua: kumpa yule ambaye amekuwa akienda mjini mara kwa mara siku za karibuni.

Njia ya kwanza wanasayansi wa kompyuta huifananisha na mafuriko. Kila mikanda miwili inapokutana hupeana kila kitu. Uzuri wake ni kwamba nakala zikiwa nyingi ni vigumu habari kupotea. Simba akimla punda mmoja, habari zake zimekwisha kupona shingoni mwa wengine. Ubaya wake ni njaa na msongamano, kwani redio zinafanya kazi bila kupumzika na kumbukumbu zinajaa nakala za nakala.

Njia ya pili ilitumia historia. Kila ukanda ulijipa daraja. Ukikutana na gari la mtafiti, daraja hupanda. Siku zikipita bila kukutana nalo, hushuka. Ukanda wenye habari ukizungukwa na wenzake kadhaa, humpa aliye na daraja la juu kuliko wote. Dhana iliyo nyuma ya utaratibu huu ni kwamba aliyepita karibu na barabara jana yamkini atapita tena kesho. Katika majaribio ya kuigiza kwa kompyuta, njia ya historia ilionyesha faida pale ambapo nafasi ya mawasiliano ilikuwa finyu na nishati ilipaswa kubanwa.

Dhana hiyo ni kweli au si kweli kwa kadiri punda milia wenyewe wanavyoishi, na ndiyo sababu mhandisi alimhitaji mwanaekolojia. Punda milia wa kawaida huishi katika familia: dume mmoja, majike kadhaa na watoto wao. Hawaachani. Kwa hiyo ukanda mmoja unatosha kueleza mwendo wa familia nzima, na mikanda miwili katika familia moja ni hasara. Familia nyingi huweza kuungana zikawa kundi kubwa kisha zikatengana tena, na kule kuungana ndiko soko la habari. Aidha wanyama hawa hutegemea maji, na penye maji hukutana hata wasiojuana. Punda milia wa Grevy wana desturi nyingine: dume hushika eneo lake na majike hupita bila kufungamana kwa kudumu. Programu iliyowafaa wa kwanza haitawafaa hawa bila kurekebishwa.

Kurekebisha nako ni tatizo. Kumkamata tena punda ni kazi ya daktari wa wanyama na bunduki ya dawa ya usingizi, na hakuna mnyama anayefaidika na kukamatwa mara mbili. Kwa sababu hiyo Ting Liu na Martonosi walitunga mfumo ulioelezwa mwaka 2003, ambao uliwezesha programu mpya kuenezwa kwa redio kutoka ukanda hadi ukanda, kama habari nyingine yoyote. Mfumo huo waliuita Impala, jina la mnyama ambaye kwa Kiswahili ni swala pala. Jina hilo la Kiingereza lina asili ya Kizulu, na msikilizaji makini atasikia -pala katika yote mawili.

Jambo jingine lililowashughulisha watafiti wa mitandao ya aina hii ni kusahau. Barua ikishamfikia mwenyewe, nakala zilizobaki mikononi mwa wasafiri ni mzigo mtupu. Lazima pawe na habari ya pili inayoifuata ya kwanza ikisema: ile imefika, ifuteni. Lugha ya taaluma hii imekopa hapa kutoka kwa madaktari. Mwaka 2000, Amin Vahdat na David Becker wa Chuo Kikuu cha Duke waliieleza njia ya kupeana nakala kila watu wakutanapo kwa mfano wa ugonjwa wa mlipuko. Waliofuata wakauita ujumbe wa kufuta kuwa ni chanjo. Kwa Kiswahili mfano huo unakaa vizuri bila kulazimishwa, kwani husemwa kwamba uvumi umeenea na kwamba maradhi yameenea, na kitenzi ni kimoja.

6.0 Kufa kwa kifundo

Kila kituo katika mtandao wa namna hii huitwa kwa Kiingereza kwa neno lenye maana ya kifundo, mahali ambapo nyuzi hukutana. Wanaisimu wamelizoea, kwa kuwa ndilo watumialo wanapochora matawi ya sentensi. Wahandisi husema kwamba kifundo kinalala, kinaamka, kinasikiliza, kinasahau, kinakufa. Vitenzi vyote hivyo ni vya viumbe vyenye uhai, na baadhi ya wahakiki wa istilahi wamehofia kwamba kuvitafsiri hivyo hivyo ni kuikaribisha fasihi ndani ya sayansi.

Hofu hiyo haina msingi katika Kiswahili. Wasemaji husema kila siku kwamba saa imekufa na betri imekufa, na hakuna anayefikiria kaburi. Zaidi ya hayo, upatanisho wa kisarufi unafanya kazi ambayo istilahi peke yake haiwezi. Punda amekufa, kifundo kimekufa. Kiambishi a- kinamweka mmoja katika ngeli ya viumbe, na ki- kinamweka mwingine katika ngeli ya vitu, ijapokuwa wote wawili wako shingo moja. Katika utafiti huu tofauti hiyo ina uzito. Ramani ikionyesha nukta isiyosogea kwa siku mbili, yapo mambo matatu yanayowezekana: punda amekufa na ukanda ungali hai, ukanda umekatika ukaanguka na punda ameenda zake, au punda ni mgonjwa, amelala. Nukta isiyoonekana kabisa ni jambo la nne: ukanda umekufa, na juu ya punda hakuna lijulikanalo. Mtu akisema tu kwamba "imepotea" amekwisha kuzichanganya hali nne ambazo askari wa wanyamapori angezishughulikia kwa njia nne.

7.0 Baada ya ZebraNet

Mikanda ilifungwa tena mwaka 2005, ikiwa imerekebishwa. Idadi ya wanyama katika majaribio hayo haikufika mikanda 30 iliyokuwa imekusudiwa mwanzoni, na kwa mwanabiolojia mavuno yalikuwa machache. Kwa wanasayansi wa kompyuta yalikuwa mengi, kwa sababu mradi huu ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kuonyesha, nje ya maabara, kwamba mtandao unaweza kufanya kazi hata pale ambapo hakuna wakati wowote njia kamili kutoka mtumaji hadi mpokeaji. Tawi zima la utafiti juu ya mitandao inayovumilia ucheleweshaji lilikua katika miaka hiyohiyo.

Wakati huohuo mambo ya Kenya yenyewe yalibadilika. Minara ya simu ilienea, na shirika la Save the Elephants, lililoanzishwa mwaka 1993, likatumia mikanda ya tembo inayotuma habari kwa mtandao wa simu za mkononi kama atumavyo mtu ujumbe mfupi. Palipo na mnara, punda hahitaji kumwachia mwenzake barua. Katika miaka ya 2010 ilienea pia redio iitwayo LoRa, ambayo husafiri kilomita nyingi kwa nishati ndogo, na hifadhi kadhaa za wanyamapori zimeitumia. Njia ya kupeana nakala kutoka mkono hadi mkono imebaki kwa mahali ambapo vyote hivyo havifiki, na kwa nyakati ambazo mnara umeanguka.

Kadiri habari zinavyofika haraka, ndivyo swali jingine linavyopanda juu. Ukanda wa mwaka 2004 ulieleza punda alikuwa wapi siku kadhaa zilizopita. Ukanda wa leo unaweza kusema faru yuko wapi dakika hii, na anayeisikia sauti hiyo si lazima awe mtafiti. Kwa hiyo habari hufumbwa kabla ya kurushwa, ili asomaye awe yule tu mwenye ufunguo, na baadhi ya watafiti huchelewesha kwa makusudi kuchapisha ramani zao. Kitenzi kufumba kinafaa hapa kuliko maneno mengi ya mkopo yanayotumika, kwani Mswahili aliyekuzwa kwa mafumbo anajua kwamba maneno yanaweza kusikika na kila mtu na kueleweka na mmoja. Mfugaji wa Laikipia ambaye ng'ombe wake hunywa maji kisima kimoja na punda milia angali anastahili kuelezwa, kwa maneno hayohayo, kwamba ukanda ule huandika mahali ulipo wenyewe, hauoni nani amesimama kando yake, na kwamba ufunguo wa kuusoma uko kwa nani.